Jembe la Mgeni

Alhamisi alishuka uwanja wa ndege wa Thunder Bay,
fidla mgongoni kama mtoto wa kubebwa:
Ilinca Dragomir, wa Montreal,
jina lililokuwa ukutani mwa maktaba tangu Septemba
kati ya mpiga tarumbeta wa Novemba
na mwimbaji wa Aprili ambaye hatujui kama atakuja.
Baridi, thelathini na moja chini ya sifuri.
Akauliza, "Watu huja kweli?"
Nikamwambia watakuja. Hawana pengine pa kwenda.

Okestra yetu haina fedha ya hoteli.
Wageni tunagawana kama nyama ya shughuli:
wa piano kwa daktari wa meno, mwenye sebule kubwa,
na huyu kwangu mimi, fidla za pili, kiti cha mwisho,
karibu na mlango wanaoutokea wenye vikohozi.
Nuria akampisha chumba,
akaondoa soksi, akabakiza sayari alizobandika kwenye dari.

Siku ya kwanza nilimpikia wali wa nazi.
Nazi ya kopo, msinihukumu.
Alikula kimya, kisha akaomba ukoko.
Hapo nikajua tutapatana.

Siku ya pili, mazoezi.
Mwongozaji alitusimamisha mara kumi na moja,
mara tisa kwa makosa yetu, fidla za pili.
Ilinca hakugeuka kututazama.
Huo nao ni ustaarabu.

Na wahenga walisema, mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Jumamosi, saa moja na nusu usiku, nikampa lake.
Nilimpokea koti nyuma ya jukwaa, nikawahi kiti changu,
naye akaingia kwenye taa
akalima.

Alilima, sina neno jingine.
Udongo wa sehemu ya kwanza ulikuwa mgumu, una visiki,
akaukata bila kuuomba radhi.
Sehemu ya pili akapita taratibu
kama mtu aliyedondosha pete majanini.
Mzee mmoja, safu ya nne, alivua kifaa cha sikio,
akakipuliza, akakirudisha haraka.

Sehemu ya tatu, mbio, mbio, halafu
tap!
Uzi mwembamba kuliko wote ukakatika
ukamchapa shavuni.

Hatukusimama. Kerttu Rantala,
mwalimu mstaafu wa hesabu, kiongozi wetu,
akamnyoshea fidla yake kama anayempa jirani chumvi,
akachukua ya aliye kando, huyo akageukia nyuma,
fidla nzima zikipanda kwenda mbele,
ile iliyojeruhiwa ikishuka mkono kwa mkono
mpaka kwa Wendell, dereva wa greda la theluji,
ninayesoma naye karatasi moja.
Akachukua yangu. Hakuniuliza.
Akanilaza mapajani jembe la mgeni.

Lilikuwa bado na joto la kidevu chake.
Thamani yake nyumba yangu, pamoja na deni la nyumba.
Wote wanalima, mimi peke yangu
nimeketi katikati ya shamba, sithubutu hata kukohoa,
nasikiliza fidla yangu, ya mitumba,
niliyoinunua kwa mjane mmoja bila kupunguziwa senti,
Wendell akiipiga
vizuri kuliko ninavyoipiga.

Miaka sita nimekaa pale
nikihesabu mapigo, nikiogopa kuingia mapema.
Okestra yetu sikuwahi kuisikia.
Kumbe tunachelewa kidogo, sote, pamoja,
kama behewa za nafaka zikianza kuvutana
moja baada ya nyingine, mpaka la mwisho nalo linasogea.
Na mbele yetu yeye, na fidla ya Kerttu,
ametusubiri nusu pumzi
kila tulipohitaji nusu pumzi.

Jumapili alfajiri gari lilikataa kuwaka mara mbili.
Ukoko uliobaki tulimfungia kwenye foili.
Nuria alirudi chumbani kwake, akahesabu sayari.
Uzi uliokatika uko kwenye droo ya vijiko, umejikunja;
aliusahau,
au hakuusahau, sijui.
Kila nikitafuta kijiko
unanidunga kidole.